Nyuso za vumbi Saint-Quentin na shule waliyoachiwa watoto wa mafundi

Treni inayotoka kituo cha Gare du Nord jijini Paris hukata mashamba kwa saa moja na nusu hivi kabla ya kufika Saint-Quentin, mji wa kaskazini mwa Ufaransa ambao wageni wengi huupita wakiwa njiani kwenda kwingine. Hauna bahari wala mnara maarufu. Una kanisa kuu la kale, jengo la halmashauri la mwanzoni mwa karne ya 16 lenye kengele nyingi juu yake, na mitaa ya nyumba zilizojengwa upya miaka ya 1920 na 1930, baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kuuharibu vibaya mji huo.

Lakini una pia makumbusho madogo yanayoitwa Antoine Lécuyer. Kwa mzazi mwenye mtoto ambaye kila daftari la hesabu analijaza picha nyuma, makumbusho hayo peke yake yanatosha kuwa sababu ya kukata tiketi.

Ndani yake kuna nyuso. Nyingine ni picha kamili za watu waliovaa vizuri na kuketi kwa heshima zao. Nyingine ni vichwa tu, vimekatwa shingoni, vinatokeza kwenye karatasi kama mtu anayechungulia dirishani. Kuna uso wa Marie Fel, mwimbaji wa opera. Kuna mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau. Kuna padri mmoja, Huber, amejiinamia kwenye kitabu kikubwa, mishumaa miwili iko mbele yake, na mmoja umezimika bila yeye kujua, kwa jinsi alivyozama katika kusoma. Mtoto yeyote aliyewahi kuambiwa "zima taa ulale" atamwelewa padri huyo.

Mwenye kazi hizo ni Maurice Quentin de La Tour, aliyezaliwa mjini hapo mwaka 1704 na kufia hapo mwaka 1788. Hakutumia rangi za mafuta wala brashi. Nyuso zote hizo ni unga wa rangi uliokaa juu ya karatasi, kitu ambacho mtoto mwenye kidole chenye udadisi angeweza kukifuta kwa sekunde mbili. Ndiyo maana zimewekwa nyuma ya vioo. Mwanga nao hufifisha rangi za aina hii, kwa hiyo makumbusho yanayozitunza huzoea kupunguza taa, na macho ya mgeni huhitaji dakika chache kuzoea.

Chaki ambayo si chaki

Mzazi akisikia pasteli hufikiria chaki ya ubaoni yenye rangi. Zinafanana kwa umbo tu. Chaki ya ubaoni ni chokaa au jasi iliyotiwa rangi kidogo. Pasteli laini kwa sehemu kubwa ni rangi yenyewe: unga wa rangi, udongo mweupe au chokaa laini kidogo, na utomvu wa mti kiasi cha kuushikamanisha tu. Vitu hivyo hukandwa kwa maji hadi viwe donge, donge likasukumwa kuwa vijiti, vijiti vikaachwa vikauke. Jina lenyewe linatokana na neno la Kiitaliano lenye maana ya donge la unga. Aliyewahi kukanda chapati anaielewa kazi hiyo bila kufundishwa: maji yakizidi limeharibika, yakipungua linapasuka.

Kwa kuwa utomvu ni kidogo, rangi huachia kwa urahisi. Kijiti kikigusa karatasi kinaacha unga, na unga huo unanasa kwenye vinyweleo vya karatasi. Hapa ndipo wanaoanza wengi wanapokwama bila kujua. Wanatumia karatasi nyororo ya mashine ya kunakili, rangi haishiki, wanaamua kwamba mtoto hana kipaji. Karatasi ndiyo haina kipaji. Inatakiwa karatasi yenye mkwaruzo, na ikiwezekana isiwe nyeupe. Wachoraji wa karne ya 18, La Tour akiwa mmoja wao, walipenda karatasi ya bluu. Karatasi ya bluu, kijivu au kahawia inasimama katikati ya giza na mwanga, hivyo mchoraji anaongeza kivuli upande mmoja na nuru upande wa pili, na sehemu kubwa ya kazi imeshafanyika kabla hajaanza.

Penseli za pasteli ni ndugu wa vijiti hivyo. Ndani yake kuna mchanganyiko ule ule, ila mgumu zaidi, na nje kuna mbao. Zinafaa kwa kope, kona ya mdomo, unywele mmoja unaong'aa. Ubaya wake ni kwamba kiini huvunjika ndani ya mbao penseli ikianguka, na kichongeo cha kawaida hukimaliza chote. Wazoefu huchonga kwa wembe, na hiyo ni kazi ya mtu mzima. Mtoto apewe penseli zilizokwisha kuchongwa.

Vichwa vile vilivyokatwa shingoni ndivyo vinavyofundisha zaidi, kuliko hata picha zilizokamilika. Vilikuwa maandalizi. La Tour alikuwa akichora uso peke yake, haraka, mtu akiwa mbele yake, kisha baadaye anauhamishia kwenye picha kubwa. Kwa hiyo hakujali kuficha mikono yake. Mgeni akisogea karibu anaona mistari iliyopita shavuni kwa rangi ambazo hakuna shavu linalokuwa nazo: samawati kivulini, wekundu usio na haya puani. Akirudi nyuma hatua tatu, mistari imetoweka na mtu amebaki. Mtoto aelekezwe afanye zoezi hilo hapo hapo, asogee na kurudi, asogee na kurudi. Vitabu vya kufundisha kuchora hutumia kurasa nyingi kueleza jambo ambalo miguu inalieleza kwa nusu dakika.

Kosa la kwanza la mwenye kijiti cha pasteli mkononi ni kusugua kwa kidole. Linavutia, kwa sababu rangi huyeyuka na kuwa nyororo mara moja. Lakini kila msuguo unajaza vinyweleo vya karatasi, na vikijaa havipokei tena. Picha inakuwa ya ukungu, rangi zote zinaelekea kijivu. Msugue kidogo mwanzoni, kwenye mandhari ya nyuma, kisha kidole kipumzike. Rangi ya juu iachwe ilivyotua.

Utaratibu wa kawaida ni kuanza na giza. Vivuli kwanza, kisha rangi ya kati, na mwanga mkali mwishoni kabisa, nukta chache tu. Nyumbani hahitajiki mtu wa kukaa mbele ya mchoraji. Embe moja juu ya meza, dirisha moja, vijiti vitano au sita, vinatosha kwa wiki nzima ya mazoezi. Seti ya rangi 80 humchanganya anayeanza. Hutumia nusu ya muda kuchagua. Rangi 12 hadi 24 zinamlazimisha kuchanganya, na kuchanganya ndiko kujifunza kwenyewe.

Mtoto wa mwanamuziki wa kanisa

Baba yake La Tour alikuwa mwanamuziki wa kanisa mjini hapo. Haikuwa familia ya mali. Kijana aliondoka akiwa bado mdogo kwenda kutafuta ufundi Paris. Miaka hiyo hiyo, 1720 na 1721, mwanamke mmoja kutoka Venice, Rosalba Carriera, alikuja Paris na pasteli zake na matajiri wakapanga foleni kuchorwa naye. Pasteli ina mvuto kwa mteja mwenye haraka: haikauki, kwa maana haina cha kukauka, na kazi inaweza kusimamishwa na kuendelezwa wakati wowote. Carriera baadaye aliugua macho, akafanyiwa upasuaji, na akamaliza maisha akiwa hawezi kuona. Lakini njia aliyoifungua ilikuwa imepata wapitaji, na La Tour alipita mbali kuliko wengi. Mwaka 1750 aliteuliwa kuwa mchoraji wa mfalme. Mwaka 1755 alionyesha picha ya Madame de Pompadour, mwanamke mwenye ushawishi mkubwa katika nyumba ya mfalme Louis wa 15. Picha hiyo, iliyoko Louvre, ina urefu unaozidi mtu mzima wa kimo cha wastani, na ilibidi karatasi kadhaa ziunganishwe ili kumtosha.

Alitoza bei kubwa na hakuona aibu. Lililo muhimu kwa mji wake ni alikozipeleka fedha hizo alipozeeka.

Mwaka 1782 ilianzishwa Saint-Quentin shule ya kuchora ya bure kwa fedha zake. Haikulenga kutengeneza wachoraji wa wafalme. Wakati huo seremala, mfumaji, mchonga mawe na mhunzi walihitaji kujua kuchora kama fundi wa leo anavyohitaji kusoma ramani: bila hivyo utabaki kibarua wa anayejua. Watoto wa mafundi walifundishwa bila malipo. Kwa mji uliokuwa ukiishi kwa kufuma nguo, hilo lilikuwa jambo la mkate, si la pambo. Hata leo mji una shule ya kuchora yenye jina lake.

Pamoja na shule, aliweka mifuko mingine miwili. Mmoja ulikuwa wa kuwasaidia mafundi wazee na wagonjwa wasioweza tena kufanya kazi. Mwingine ulikuwa wa wanawake maskini waliojifungua.

Kwa nini mchoraji asiye na mke wala watoto nyumbani awawazie wanawake wa uzazi? Kuna karatasi ya mahakama ya mwaka 1723 inayosema binamu yake, Anne Bougier, alijifungua mtoto aliyekuwa ameshakufa, na baba wa mtoto huyo alikuwa Maurice Quentin. Alikuwa kijana wa miaka 18 wakati huo. Binti ndiye aliyesimama mbele ya wakubwa kujieleza, kama kawaida ya zama hizo, ambayo msomaji anaweza kuamua mwenyewe kama ni ya zama hizo tu. Zaidi ya nusu karne ilipita kati ya karatasi hiyo na mfuko wa wazazi maskini. Waandishi wa maisha yake wameziweka hati hizo mbili kando kwa kando, na ni vigumu kuziangalia bila kufanya vivyo hivyo.

Alirejea mjini mwaka 1784, mji ukampokea kwa shangwe, lakini akili ilikuwa imeanza kumwacha. Inasimuliwa kwamba alipotembea alikuwa akiikumbatia miti na kuiambia kuwa karibu itafaa kuwapa maskini joto. Kabla ya hapo alikuwa ameharibu baadhi ya kazi zake nzuri kwa kuzigusagusa tena na tena akitaka ziwe bora zaidi. Mwenye mtoto anayefuta mchoro mpaka karatasi inatoboka anajua hali hiyo.

Picha zilizobaki mikononi mwa familia zingeweza kutawanyika dunia nzima. Mdogo wake, kwa baba, aliyefariki mwaka 1807, aliuachia mji ili ziuzwe kwa faida ya ile shule na ile mifuko. Zikapelekwa sokoni Paris, lakini zama zilikuwa zimebadilika, mapinduzi yalikuwa yamepita, na nyuso za watu wa enzi ya wafalme hazikuwa na mnunuzi. Bei zilikuwa za kusikitisha, mnada ukasitishwa. Bahati mbaya hiyo ya soko ndiyo sababu zaidi ya picha 70 bado ziko mji mmoja, chini ya paa moja.

Karne moja baadaye nusura vita iziangamize. Wajerumani waliuteka mji Agosti 1914. Mwaka 1917 waliwaondoa wakazi wote, na picha nazo zikahamishwa hadi Maubeuge, ambako zilionyeshwa katika jengo lililokuwa duka. Kumhamisha mkimbizi ni shida. Kuhamisha vumbi lililotua juu ya karatasi, barabara ikiwa ya mashimo na mizinga ikilia, ni shida ya aina yake. Jengo la makumbusho lenyewe liliharibiwa. Picha zilirudi nyumbani mwaka 1932, katika jengo jipya, baada ya miaka kadhaa ya kuhifadhiwa Louvre.

Vumbi na kifua cha mtoto

Mzazi anayetoka makumbusho akiwa na hamu ya kununua seti ya kwanza anapaswa kuuliza swali moja dukani kabla ya bei: ndani ya rangi hii kuna nini?

Karne ya 18 swali hilo lingekuwa na majibu ya kutisha. Nyeupe ilitengenezwa kwa madini ya risasi, nyekundu kwa zebaki, njano nyingine kwa aseniki. Inavutia kusema ndiko La Tour alikopatia maradhi ya akili, lakini hakuna aliyempima, na mtu wa zaidi ya miaka 80 anaweza kupoteza kumbukumbu bila msaada wa rangi. Tuhuma hiyo ibaki ilivyo.

Leo rangi nyingi za wanafunzi hazina sumu hizo. Zile za wachoraji wazoefu, ghali zaidi, bado zinaweza kuwa na madini kama kadimiamu na kobalti, na zimetengenezwa kwa mtu mzima anayejua anachokishika. Seti za namna hiyo si zawadi ya mtoto wa shule ya msingi, hata mjomba aliyezileta kutoka ng'ambo akisisitiza. Kwenye boksi patafutwe alama ya AP, inayotolewa Marekani kwa vifaa vya sanaa vilivyopitiwa na wataalamu wa sumu, au alama ya CE ya Ulaya kwa vifaa vya watoto. Boksi lisilo na maandishi yoyote lirudishwe rafuni.

Hata rangi isiyo na sumu ni vumbi, na vumbi laini huingia kifuani. Tabia ya kupuliza karatasi ndiyo ya kwanza kukatazwa, kwa kuwa mtoto anapopuliza, pumzi inayofuata anavuta alichokirusha. Karatasi iinamishwe na kugongwa kidogo juu ya gazeti bichi au ndoo. Ubao wa kuchorea usimamishwe wima kidogo ili unga udondoke chini badala ya kubaki usoni pa picha. Dirisha liwe wazi, lakini feni izimwe. Feni juu ya meza ya pasteli inagawa rangi kwa nyumba nzima, pamoja na mboga. Mwisho wa kazi meza ipanguswe kwa kitambaa kibichi, isifagiliwe, mikono ioshwe kwa sabuni, na chakula kisikae meza moja na rangi.

Mwenye pumu hahitaji kukatazwa kuchora. Anahitaji kitu kisichotoa vumbi, na kipo: pasteli za mafuta, ambazo hushikamanishwa kwa mafuta na nta badala ya utomvu. Hazifanani kabisa na zile laini, mng'ao wake ni mwingine, ila zinafundisha giza na mwanga vile vile. Zinafaa pia kwa watoto wadogo ambao bado kila kitu kwao ni chakula, mradi boksi liwe na alama zilizotajwa. Kama mtoto mwenye pumu anataka pasteli laini na si nyingine, mzazi azungumze na daktari wake kwanza, na siku ya kujaribu dawa yake iwe karibu.

Dawa ya kupuliza inayogandisha rangi kwenye karatasi huuzwa maduka mengi ya sanaa. Ina vimiminika vinavyoumiza kichwa na kifua, hivyo ipulizwe nje, na mtu mzima, upepo ukiwa mgongoni. La Tour mwenyewe alihangaika miaka mingi akitafuta kigandisho kisichoharibu rangi. Wachoraji wengi wa leo huamua kukiacha, kwa sababu huzifanya rangi nyepesi kuwa nzito, na wanategemea kioo.

Kuhusu kioo: kisiguse picha. Fundi wa fremu aambiwe aweke ukingo wa kadibodi kati ya karatasi na kioo, wenye unene wa milimita kadhaa. Plastiki inayotumika badala ya kioo ina umeme tuli na itavuta unga taratibu mpaka uso wa bibi uhamie kwenye fremu. Picha itundikwe mbali na jua la moja kwa moja, na isiwe ukuta wa mlango unaobamizwa.

Na kama picha imechorwa safarini na fremu iko mbali, ilazwe juu ya kadibodi ngumu, ifunikwe kwa karatasi nyororo ya kung'aa kama ile ya kufungia mikate, kadibodi nyingine juu yake, na zifungwe kwa mkanda pande zote nne ili zisitelezane. Ibebwe bapa, mapajani. Isiwekwe chini ya begi, wala isipewe kondakta aiweke buti.